Kamera Kubwa au Ndogo? Lamu Ilinifunza Kuchagua

Ukitaka kumwona mtu akibabaika na pesa zake mwenyewe mfukoni, pita Luthuli Avenue jijini Nairobi Jumamosi yoyote baada ya saa nne asubuhi. Barabara hiyo imepewa jina la Albert Luthuli, yule Mwafrika Kusini aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960, nayo kwa miaka mingi imekuwa soko la redio, runinga, spika na kamera kwa watu wa kawaida. Hapo utamkuta baba mmoja amesimama mbele ya kabati la vioo, mkewe yuko pembeni, na mtoto wao wa chuo kikuu anawanong'oneza mambo aliyoyasoma. Harusi ya kifungua mimba imekaribia, ama nyanya huko mashambani anatimiza miaka 90, na familia imekata shauri kununua kamera ya video.

Muuzaji hana haraka. Anaweka kamera mbili juu ya meza. Moja ni dubwana jeusi lenye mpini juu, vifungo tele ubavuni na lenzi iliyochongoka kama mdomo wa bunduki. Ya pili inaenea kiganjani, na kiwambo chake hufunguka ubavuni kama kijidirisha. Kisha anauliza swali ambalo limewagharimu wengi: "Mnataka ya kazi ama ya nyumbani?"

Usilijibu swali hilo ukiwa dukani. Dukani hakuna upepo, hakuna giza, hakuna punda wa kukupiga kikumbo, wala hakuna bibi mzee anayeona haya. Dukani kila kamera ni nzuri. Tusafiri kwanza hadi mahali ambapo mimi nilipimwa pamoja na kamera yangu, kisha tutarudi Luthuli tukiwa na jibu.

SAFARI YA KWENDA PWANI

Mahali penyewe ni Lamu. Mama yangu ni mzaliwa wa huko, akaolewa bara, nasi watoto wake tukakulia Nairobi. Mwezi wa Januari 2012 binamu yetu alikuwa akioa, na wazee wakaamua harusi ile ipigwe video. Fauka ya hayo, mama alituagiza jambo la pili. Alitaka tumrekodi dada yake mkubwa, ambaye sisi humwita Mama Mkubwa, akiitaja nasaba ya ukoo. Wakati huo ndiye pekee aliyeikumbuka mpaka mzee wa saba.

Nilikodi kamera kubwa kwa mpiga picha mmoja wa harusi hapa jijini. Sikufichi, nilikodi kwa kazi na nilikodi kwa sifa. Nilitaka jamaa waseme kwamba mtoto wa Nairobi amefika. Dada yangu mdogo akachukua kamera yake ndogo ya mkononi, nami nikamcheka na kumwambia kwamba harusi si mahali pa vitu vya kuchezea.

Somo la kwanza nililipata ndani ya basi. Kamera yangu peke yake ilikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Ukiongeza stendi ya miguu mitatu, betri nne, chaja, taa na nyaya, ulikuwa mzigo wa kumchosha mchukuzi. Tulishika njia ya Mombasa, tukapita Malindi, Garsen na Witu. Kipande cha mwisho kuelekea Mokowe siku zile kilikuwa cha vumbi, na vumbi hilo liliingia kila mahali. Mimi nilipakata kamera safari nzima kama mtu apelekaye mgonjwa hospitalini. Ya dada yangu ilikuwa imelala mkobani, imefungwa ndani ya kanga.

Kwa hivyo, kabla hujauliza kamera inapiga picha namna gani, jiulize nani ataibeba, na kwa muda gani. Kamera inayoachwa nyumbani kwa sababu ya uzito haijapata kupiga picha hata moja. Ukiwa na yoyote ile, nunua begi lenye sifongo ndani, na kioo cheupe cha kufunika lenzi, kwani ni nafuu kubadilisha kioo kilichokwaruzwa kuliko lenzi yenyewe. Na ukienda kwa ndege hadi uwanja ulioko kisiwa cha Manda, kumbuka kwamba betri za akiba za lithiamu husafiri nawe ndani ya ndege, si katika mizigo ya chini. Kila betri isizidi saa-wati 100, la sivyo itabidi uombe ruhusa ya shirika la ndege.

JUA LA BAHARINI

Kutoka Mokowe tulipanda mashua. Bahari ya Lamu wakati wa adhuhuri ni kioo kitupu. Mji uko mbele yako na nyumba zake nyeupe, majahazi yamekunja matanga, na watoto wanajitupa majini kutoka gatini. Hapo kamera kubwa ilinitukuza. Ubavuni ilikuwa na swichi ya kuteremsha kioo cheusi mbele ya mwanga, mfano wa mtu anayevaa miwani ya jua. Nilizungusha pete kwenye lenzi nikaongeza na kupunguza mwanga kwa mkono wangu mwenyewe, na nyuso za abiria zikaonekana sawasawa.

Kamera ya dada yangu iliamua kila kitu yenyewe. Ilipoona maji yanameremeta, ikadhani dunia nzima imejaa mwanga, ikapunguza, na abiria wote wakageuka vivuli vyeusi. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza ya kweli kati ya kamera ya kazi na ya nyumbani. Si ukubwa wa umbo. Ya kazi inakuachia wewe uamue mwanga, ulengaji, rangi na sauti, na inakuwekea vifungo vya kufanyia hivyo bila kutafutatafuta. Ya nyumbani inakuamulia. Kwa mtu asiyejua kazi, kuamuliwa ni neema. Kwa anayejua, ni kifungo.

Usidanganywe na tarakimu zilizobandikwa ubavuni. Utaona kamera ndogo inajisifu kwamba huvuta picha karibu mara 30, na kubwa inasema mara 12 tu. Hiyo haina maana kwamba ndogo ni bora. Angalia kama uvutaji huo ni wa lenzi au wa kutanua picha kwa hesabu. Wa kutanua kwa hesabu ni sawa na kuisogelea picha ya gazeti kwa macho, yaani huongezi chochote ila nukta kubwa. Tena kadiri unavyovuta karibu, ndivyo kila mtetemeko wa mkono unavyokua. Kwa hivyo uvutaji wa mara 30 bila stendi ni tetemeko la ardhi. Mashuani stendi haifai kitu. Bana viwiko mbavuni, usivute karibu, na uache chombo kikutembeze.

Chumvi nayo haina adabu. Kila jioni pangusa kamera kwa kitambaa laini. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kuingia joto la pwani, iache ndani ya begi kwa muda wa nusu saa, la sivyo lenzi itatoka jasho. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu usivitupe. Vitie ndani ya begi, vitanyonya unyevu.

VICHOCHORO VYA GIZA

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Turathi za Dunia mwaka 2001. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, kuta zake nene, na njia zake nyembamba mno. Punda wawili wenye mizigo wakikutana, sharti mmoja asubiri. Njia kuu, ambayo wenyewe huiita Usita wa Mui, ndiyo pana, na hata hiyo ukinyoosha mikono miwili utasalimiana na wenye maduka.

Ndani ya vichochoro hivyo hutaki kuvuta picha karibu. Unachotaka ni lenzi pana, kwa sababu huna nafasi ya kurudi nyuma. Mgongo wako umeegemea ukuta wa jirani na unataka mlango mzima wa nakshi uingie katika picha pamoja na wazee walioketi dakani. Kamera nyingi za bei ya chini hazipanuki vya kutosha. Kwa hivyo, ukiwa dukani, usijaribu tu jinsi inavyovuta. Simama kona ya duka uone inapokea kiasi gani cha chumba.

Jambo la pili ni giza. Nyuma ya lenzi kuna kipande kinachonasa mwanga. Weka sufuria na kikombe cha kahawa nje wakati wa mvua, dakika moja tu, kisha tazama kipi kina maji mengi. Ndivyo ilivyo. Katika kamera nyingi ndogo kipande hicho hakifiki hata milimita 3 kwa upana. Katika kamera za daraja la kati zinazopendwa na wapiga picha wa harusi, zile ziitwazo za inchi moja, upana wake ni kama milimita 13. Jioni ilipoingia, picha za dada yangu zilijaa chenga kama runinga ya zamani iliyopoteza mawimbi. Zangu zilikuwa bado safi.

Lakini ngoja nikuambie upande wa pili. Kila nilipoinyanyua kamera ile, mtaa ulibadilika. Watoto walinizunguka, kina mama wakajifunika, na mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa akaniuliza ninatoka televisheni gani na serikali imetaka nini tena. Niliyoyapiga hayakuwa maisha ya Lamu. Yalikuwa maisha ya watu wanaotazama kamera. Dada yangu alisalimu, akaomba ruhusa, akaketi nao, na baada ya dakika tano wakasahau kwamba ana kitu mkononi. Ruhusa ombeni siku zote, kamera iwe kubwa ama ndogo. Na kama kazi yako ni ya biashara, kumbuka kwamba Kenya ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, inayohusu leseni. Usingoje kuulizwa njiani.

USIKU WA HARUSI

Siku ya nikahi ilikuwa siku yangu. Shughuli ndefu ndiyo nyumba ya kamera ya kazi. Betri yangu moja ilidumu kupita betri mbili za dada yangu. Taa za mirija hazikunisumbua, kwani niliweka kasi ya shata kwenye 1/50 ya sekunde. Hapa kwetu umeme hupiga mara 50 kwa sekunde, na kamera iliyowekwa kwa hesabu ya 60 huzifanya taa kama hizo zipepese katika picha.

Hata hivyo nilipata aibu yangu. Kamera ile ilitumia kanda za dakika 60. Nilikuwa nikibadilisha kanda, kichwa chini, wakati bwana harusi alipotamka kwamba amekubali. Neno lenyewe la ndoa silo kwenye kanda! Kamera nyingi za kazi za sasa zina nafasi ya kadi mbili. Moja ikijaa, ya pili hupokea papo hapo, ama zote mbili huandika pamoja ili moja ikiharibika nyingine ikuokoe. Ukitaka kupiga harusi za watu kwa malipo, nafasi hizo mbili si anasa. Ukipoteza harusi ya mtu, huwezi kumwambia aoe tena.

Hesabu ya kadi si ngumu. Kamera inayoandika megabiti 50 kwa sekunde hula gigabaiti 22 na nusu kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 basi itakupa chini kidogo ya saa tatu. Tafuta alama ya V30 kwenye kadi, maana yake ni kwamba haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde, kiasi kinachotosha kwa kamera nyingi za nyumbani na za harusi. Nunua kadi mbili za wastani badala ya moja kubwa, na ujihadhari na kadi za bei ya kutupa. Kadi bandia hukubali kila kitu kisha hairudishi.

Usiku uliofuata ulikuwa wa wanawake, bibi harusi anapopambwa na kuonyeshwa. Huko mwanamume haingii, sembuse mwanamume na dubwana lake. Dada yangu aliingia na kamera yake ndogo, kwa ruhusa ya wenye shughuli, na kwa sharti kwamba picha hizo zisitazamwe na wanaume. Mpaka leo sijaziona, lakini mama anasema ndizo bora katika harusi nzima. Niliyemcheka ndani ya basi alikuwa amefika mahali ambapo mimi na kilo zangu zote tusingefika.

DARINI KWA MAMA MKUBWA

Sasa nakuja kwa jambo lililonifanya niandike makala haya.

Siku moja kabla ya kurejea Nairobi tulimwendea Mama Mkubwa. Nilitandaza vyombo vyangu sebuleni: stendi, taa, maikrofoni ndefu iliyovishwa manyoya ya kuzuia upepo. Alinitazama, akavuta mtandio wake mpaka kwenye paji, akanyamaza. Nilipoinamia kamera akaniambia kwa Kiamu chake, "Mwanangu, mato yako yamo ndani ya kitu hicho. Mimi nawe twazungumzaje?" Kisha akasema hapo sebuleni pana joto, twende juu darini.

Tukapanda, na vyombo vyangu nikaviacha chini. Nilijiambia kwamba haya ni mazungumzo tu, kamera ndogo itatosha. Na kweli, mbele ya kamera ndogo Mama Mkubwa alikuwa mtu mwingine. Aliketi mkekani chini ya makuti, bahari nyuma yake, jua la alasiri likimulika upande mmoja wa uso. Alizungumza kwa dakika 40. Akainua mkono akaanza kuhesabu wazee wetu kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, mpaka vya mkono mmoja vikaisha akaingia mkono wa pili. Alisimulia habari za kila mmoja. Mahali fulani alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Januari ni msimu wa kaskazi. Upepo ule sisi tuliufurahia, ulitupoza. Tuliporudi Nairobi tukaweka picha kwenye runinga, mama ameketi mbele kabisa. Picha ilikuwa nzuri kupita zote nilizopiga kwa kamera ya kukodi. Sauti ilikuwa upepo. Ngurumo moja tu, mwanzo hadi mwisho, mfano wa lori linalopanda mlima. Maneno machache yalichomoza hapa na pale, kisha yakazama. Vidole saba vinahesabika vizuri sana. Majina yanasikika matatu, na hayo matatu tulikuwa tukiyajua tayari.

Basi, msomaji, unaweza kudhani kosa letu lilikuwa kutumia kamera ndogo. La hasha. Kamera ndogo ndiyo iliyompa mama yule uhuru wa kusema. Kubwa ingetupa sauti safi ya bibi mzee aliyenyamaza. Kosa letu lilikuwa kwamba ubavuni mwa kamera ile ndogo mlikuwa na kitundu cha kuchomeka maikrofoni, na dada yangu alikuwa ameimiliki mwaka mzima bila kuchomeka kitu. Maikrofoni ndogo ya kubana kifuani, yenye kofia yake ya sifongo, haizidi tembe ya mahindi. Na kama tungevaa visikizi vya masikioni kwa sekunde kumi tu, tungeusikia upepo hapo hapo, tukateremka chini pamoja naye.

Tulisema tutarudi mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata kulikuwa na karo, na uliofuata kulikuwa na jambo jingine. Tuliporudi, kumbukumbu za Mama Mkubwa zilikuwa zimeanza kumtoka.

TURUDI LUTHULI

Sasa tuko tena mbele ya kabati la vioo, na muuzaji anangoja. Usimwambie "ya kazi" wala "ya nyumbani". Mwambie utapiga nini, wapi, na mbele ya nani.

Kama ni wazazi, watoto, safari na sherehe za nyumbani, chukua ndogo, lakini kwa masharti mawili: iwe na tundu la maikrofoni, na lenzi yake iwe pana. Nyingine za bei ya chini kabisa hazina tundu hilo. Ziache hapo hapo. Kama wewe ni mwanafunzi unayetaka kujifunza kazi, tafuta ya daraja la kati yenye pete kwenye lenzi, ukubali kujifunza mwanga kwa mkono. Kama utalipwa, nenda kwenye ya kazi: kadi mbili, betri kubwa, na matundu mawili ya maikrofoni yale yenye pini tatu, ambayo hukaza waya usichomoke mtu akiukanyaga, na hukuruhusu kupima kila sauti peke yake.

Kama una jamaa Marekani anayetaka kukutumia kamera, mwulize kwanza kama inaweza kugeuzwa kuwa ya hesabu ya 50. Kwetu tulifuata mfumo wa PAL wa picha 25 kwa sekunde, na wao NTSC wa takriban 30. Kamera nyingi mpya hubadilika kwa swichi, lakini nyingi za zamani zimefungwa upande mmoja. Tazama pia chaja kama imeandikwa volti 100 hadi 240. Ikiwa ni ya 110 pekee, umeme wetu wa 240 utaichoma siku ya kwanza.

Ukinunua iliyotumika, enda na kadi yako na visikizi vyako. Rekodi dakika kumi mbele ya muuzaji. Ielekeze ukutani kwenye rangi nyeupe uone kama kuna madoa. Zungusha kila pete, bonyeza kila kifungo, funga na kufungua kiwambo mara kadhaa, kwani waya wake ndio huchoka kwanza. Uliza kama betri za aina hiyo bado zinauzwa.

Kuna watakaokuambia kwamba simu yako inatosha. Kwa jambo fupi, karibu, mchana, huenda inatosha, na bora picha ya simu kuliko kutopiga. Lakini simu hujaa, hupata joto, na huita katikati ya dua. Na kamera nyingi za picha za mnato zilizotengenezwa miaka ya nyuma hujizima kabla ya dakika 30, kwa sababu Ulaya ilitoza ushuru zaidi kwa chombo kinachorekodi kupita hapo. Hotuba ya mzee haijui dakika 30.

Mwisho ni pesa. Kosa la wengi ni kumaliza zote kwenye kamera na kutoka dukani wakiwa wametabasamu na mifuko mitupu. Mimi sasa hugawa hivi: katika kila shilingi 100, zisizidi 60 ziende kwa kamera. Zinazobaki zinunue maikrofoni kwanza, visikizi pili, betri ya pili tatu, stendi nne, kadi na begi tano, taa baadaye. Na uweke akiba ya kununua diski ya kuhifadhia nakala, kwani video iliyo mahali pamoja tu ni sawa na ambayo haipo.

Nilipokwenda Lamu mara ya mwisho nilichukua kamera ndogo, maikrofoni ya kubana kifuani na betri mbili. Vyote viliingia mfuko wa koti. Jioni tulimwekea Mama Mkubwa zile picha za mwaka 2012 kwenye runinga ya binamu. Alijitazama kwa furaha, darini chini ya makuti, akihesabu vidole. Alimsifu yule bibi kwa kanga yake. Kisha akanigeukia, akanishika mkono, akaniuliza, "Na hapo naamba nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilibana maikrofoni kwenye mtandio wake, nikavaa visikizi, nikamwomba azungumze lolote analotaka. Alizungumza kwa muda mfupi, kuhusu chai na kuhusu upepo. Kila neno linasikika.